Siku Mwewe Alipolia Kanisani

Nimekaa na aibu hii karibu mwaka mzima, na leo nimeona niwaambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hamjaisikia kwa Othieno, ingawa nikisema ukweli Othieno hajamwambia mtu yeyote, na hilo nalo ni sehemu ya aibu yenyewe. Kwa hiyo chekeni mnavyotaka, ila nikifika kwa senge, yaani shangazi yangu, mnivumilie kidogo, maana hapo mimi bado sijaweza kucheka.

Duka langu mnalijua, lile lenye mlango wa manjano hapa Busia upande wa Kenya, hatua chache kabla ya mpaka. Nauza kompyuta za Nyuki na si kitu kingine. Ng'ambo, upande wa Uganda, mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa, yuko Othieno, Mpadhola mrefu mpole, naye anauza Mwewe. Sisi wawili hatukuwa na ugomvi wa maana, hatukugombania mwanamke wala shamba, lakini kampuni zetu zilikuwa vitani, na mnajua vita vya wakubwa vinavyoshuka hadi kwa wadogo. Nyuki waliweka bango kubwa barabarani, msichana anakimbia kwenye mvua amejifunika kompyuta kichwani, anacheka, na chini yake maneno NYUKI HAOGOPI MVUA. Hazikupita wiki mbili Mwewe wakaweka lao kando yake, refu kidogo zaidi (nilikuwa nalipima kwa macho kila asubuhi, lilikuwa refu). Na redioni ndiyo usiseme. Kompyuta yao ukiiwasha inalia kama mwewe, kwiii, kwiii, basi na tangazo lao lilikuwa hivyo hivyo, kwiii, kwiii, halafu watoto wanaitikia kwa pamoja, "Mwewe kaona!" Kila mtoto kutoka Busia mpaka Tororo alikuwa anaitikia, hata wa kwangu, nyumbani kwangu, wanakula ugali ulionunuliwa na Nyuki huku wanaimba Mwewe.

Nikavichukua vita vile kama vyangu. Mteja akitaja Mwewe namwambia, mwewe kazi yake ni kuiba vifaranga, wewe umewahi kuonja asali ya mwewe? Othieno akisikia (na alikuwa anasikia, maana watu wa mpakani huvusha maneno bila kulipa ushuru) anajibu kwa upole wake, "Uliza yeye, nyuki gani inatoka nje kwa mvua?" Nami nashinda nimekasirika mpaka jioni.

Sasa senge. Senge ni shangazi yangu, dada wa baba, na sisi Wasamia tukisema senge hatusemi jamaa wa kawaida. Baba alipofariki yeye ndiye aliyesimama mahali pake. Aliolewa zamani kule Sop Sop, ndani ndani ya Tororo, kwa Wapadhola, na amekaa huko miaka mingi hadi nadhani anaota kwa lugha yao. Kila nikienda kumtembelea ananishika mkono, ananipeleka kwa majirani, na anawaambia maneno yale yale, "Huyu mtoto ya kaka yangu. Hawezi danganya mtu." Alianza kusema hivyo nikiwa mdogo, siku niliyovunja chungu chake nikakimbia kumwambia kabla hajakiona, na hakuacha tena. Mimi nikiwa mtu mzima mwenye ndevu naona haya, lakini moyoni napenda.

Senge ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao. Kina mama hao walikuwa wamejinyima misimu mitatu, njugu zao na mayai yao, wapate kununua kompyuta moja ya kufundishia watoto pale pale kanisani penye sola, ili mtoto wa Sop Sop asije akaiona kompyuta mara ya kwanza siku anayotafuta kazi. Mimi nikamjaza senge maneno kuhusu Nyuki, nikamweleza bango, nikamweleza mvua, mpaka siku moja akanipigia simu kwa furaha. "Wandera, kuna kijana moja ya hapa alitaka tuletea ile ingine, ile ya kulia. Nimekataa. Nimeambia wamama tungoje mtoto ya kaka yangu." Sikumuuliza kijana huyo ni nani. Nilikuwa nimeshiba sifa.

Mpango ukawa Jumapili fulani, kwa sababu padre hufika kanisa lile mara moja tu kwa mwezi, na kitu kipya cha jumuiya hakiguswi na mtu mpaka padre akibariki, iwe ngoma, iwe ng'ombe, iwe baiskeli ya katekista. Jumamosi asubuhi nikapigiwa simu na watu wa Nyuki kwamba mzigo wangu umekwama njiani na utafika Jumatatu. Dukani sikuwa na hata moja, ile ya mwisho nilikuwa nimeiuza Alhamisi kwa tamaa zangu.

Hapa ndipo ningepiga simu, si ndiyo? Ningesema, senge, mzigo umechelewa, tungoje padre wa mwezi ujao. Angeguna, angekubali, na mimi leo ningekuwa mtu. Lakini nikaona lile bango la Mwewe, refu, nikamwona Othieno akisikia kwamba Wandera ameshindwa kuleta kompyuta moja kwa shangazi yake mwenyewe, nikasema hapana. Nikavuka mpaka nikaenda kununua Mwewe.

Ndiyo, kwa Othieno. Ningeenda wapi? Nikamwambia ni ya binamu yangu mmoja wa Masaba asiyejua kompyuta, mtu mkaidi, nimemshauri amekataa. Othieno hakunicheka. Akaifungua, akaiwasha ikalia, akanionyesha kila kitu kama mteja yeyote, akaniongezea na kofia. "Mkenya wangu," akasema, "karibu tena. Salimia huyo binamu."

Mpango wangu ulikuwa mdogo tu. Naibandika sitika ya Nyuki juu ya ule mchoro wa mwewe kwenye kifuniko (tulikuwa tunaletewa zile sitika kubwa za bure za kubandika milangoni na kwenye pikipiki), inabarikiwa Jumapili, Jumanne narudi na Nyuki ya kweli, nasema nimekuja kuikagua, nabadilisha, mwisho wa maneno. Hata niliona nimefanya wema, kina mama hawatangoja mwezi mzima. Nikaibandika vizuri, nikaisugua kwa kitambaa, nikapunguza na sauti mpaka mwisho, nikalala usingizi wa mtu asiye na dhambi.

Kanisa siku hiyo lilijaa hadi wengine wakakaa nje chini ya madirisha. Kina mama walikuwa wamevaa gomesi zao za sikukuu, mikanda imefungwa vizuri, na mbele wameweka meza yenye kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa mkono, na juu ya kitambaa kompyuta yangu, yaani ya Othieno, yaani ya kina mama, hata sijui niseme ya nani. Senge akasimama, akanishika mkono kama kawaida, mimi mzee mzima, akasema kwanza kwa Kiswahili kwa heshima yangu kisha kwa Kidhopadhola, "Huyu mtoto ya kaka yangu. Hawezi danganya mtu." Wakapiga makofi. Na katika kuinua macho nipokee makofi yale nikamwona Othieno, benchi la nne, amekaa kando ya mama mmoja mzee wanaofanana pua.

Nilijua ni Mpadhola, lakini Tororo ni kubwa, sikujua kama Sop Sop ni kwao. Ndipo nikaelewa yule kijana aliyekataliwa alikuwa nani, na kwamba hata mama yake mzazi aliikataa kompyuta ya mwanawe kwa sababu ya neno la senge. Othieno akanitazama, akaitazama meza, akanitazama tena. Kisha akainamisha kichwa, na mimi nikadhani amenyong'onyea kwa kushindwa. (Mnaona akili yangu ilivyokuwa siku ile.)

Padre akaja na ndoo ndogo ya maji ya baraka na kitawi cha majani. Ni mtu mwenye busara, akasimama kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kitu hiki hakitaharibika. Ningemwambia, baba, tone moja linatosha. Katekista akawa amenisogezea maikrofoni ili jibu lisikike na walio nje, na mimi nikipewa maikrofoni huwa nasahau nilikotoka. Nikasema, "Baba, wewe nyunyiza tu. Hii si zile za kulia lia kama vifaranga. Hii ni Nyuki, na Nyuki haogopi mvua." Kanisa likacheka. Padre naye akatabasamu, akachovya kitawi hadi kwenye mkono.

Padre yule hanyunyizi, anamwagilia. Mara ya kwanza maji yakaruka juu ya kifuniko, mara ya pili yakatiririka, mara ya tatu, kwa jina la Roho Mtakatifu, kitambaa cha meza kikaloa. Nami nikiwa nimesimama karibu nikaona pembe ya sitika inainuka polepole. Nikaweka kiganja juu yake. Nikatabasamu. Watu wakadhani nami naibariki, na mama mmoja akaja mbele akaweka mkono wake juu ya wangu akaomba, kisha mwingine, kisha mwingine, ikawa mstari mzima wa kina mama wanapita wakikandamiza kiganja changu kwenye ile sitika iliyolowa.

Walipomaliza, senge akasema, "Sasa washa, wamama waone."

Othieno akasimama. Akasema kwa upole ule ule, mbele ya watu wote, "Ndugu yangu, ngoja kwanza ikauke. Leo isiwashwe. Hata mimi yangu nangojanga."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Alikuwa ananifungulia mlango. Alijua ile ni mashine yake tangu ilipowekwa mezani, anazijua kingo zake na vitundu vyake, na badala ya kunitaja alinipa sababu nzuri ya kuifunga kwenye mkoba na kwenda nyumbani na heshima yangu. Kila mtu angeona ni busara tu. Lakini mimi nikasikia mtu wa Mwewe akiitilia shaka Nyuki mbele ya shangazi yangu, nikajibu kwenye maikrofoni, "Ya kwako ndiyo ya kungoja ikauke." Nikaifungua kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umeganda juu ya kifuniko, nikabonyeza.

Sauti nilikuwa nimeipunguza, ndiyo, lakini kumbe mlio ule wa kuwaka hausikilizi mtu, unatoka kwa nguvu zake, na maikrofoni ya katekista ilikuwa imelala kando ya mashine.

Kwiii. Kwiii.

Ulitoka kwenye vipaza sauti viwili vya kanisa ukaenda hadi barabarani. Na watoto, waliokuwa wamekaa chini mbele pale kwenye mikeka, watoto hawana kosa, walifanya walichozoea kufanya kila siku wakisikia mlio ule. Wakaitikia wote kwa pamoja, na wa nje madirishani wakaitikia, "Mwewe kaona!"

Nikainua mkono wa kulia kuwanyamazisha. Sitika ikaja na mkono. Nikasimama mbele ya madhabahu kiganja kimetazama watu, na kwenye kiganja nyuki mkubwa wa manjano, na mezani mwewe mweusi amekunjua mabawa, anang'aa kwa maji ya baraka.

Kicheko kilianza kwa watoto, kikapita kwa vijana wa kwaya, nami ningekivumilia, kicheko kinaisha. Kilichonimaliza ni kwamba kina mama hawakucheka. Wote walikuwa wanamtazama senge.

"Wandera," akasema senge. "Hiyo kwa mkono yako ni nini?"

"Ni sitika, senge."

"Ya nini?"

"Ya Nyuki."

"Na hii ya meza?"

Nilitaka kueleza habari za mzigo kukwama, za Jumanne, za kubadilisha. Nikasema, "Ni Mwewe, senge."

Senge ana magoti mabaya, akipanda kitanda anasaidiwa. Alitembea polepole hadi mbele ya mabenchi ya kina mama, akashika meza, akapiga magoti kwenye sakafu ile iliyolowa, mtu wa umri ule, mwenyekiti wao, akasema maneno machache kwa Kidhopadhola. Siijui lugha hiyo vizuri lakini haya niliyaelewa, "Mimi ndiye niliyesema." Alisema hivyo tu. Kisha akageuka, bado yuko magotini, akamwambia mama yake Othieno vivyo hivyo. Nikajaribu kumwinua, akautoa mkono wangu, si kwa hasira, aliutoa kama mtu anayeondoa jani lililomwangukia begani.

Aliyemwinua ni Othieno. Alipokwisha kumkalisha akaja mezani, akaizima ile kompyuta, akaipindua juu ya kitambaa kingine kikavu maji yatoke, akawaambia watu, "Ni mimi niliuzia yeye hii jana. Kompyuta iko mzuri, si ya wizi. Sitika tu ndiyo ilipotea nyumba." Watu wakacheka kidogo, padre akashika hapo hapo akaanzisha wimbo, na mimi nikaokolewa na mtu niliyekuwa nimetoka kumtukana kwenye maikrofoni.

Nilifikiri nitatoroka, lakini mgeni haondoki Sop Sop bila kula. Senge alikuwa ameniahidi kuku, na firigisi akaniwekea mimi kama alivyoahidi. Nilikula nimeinamia sahani. Nikawaambia kina mama kwamba Jumanne nitaleta Nyuki mpya niichukue ile, na mama yake Othieno akanijibu kwa ufupi, "Hii imebarikiwa. Inabaki." Na imebaki, na inafanya kazi mpaka leo, ilikauka siku ya tatu ikawaka kama haikuona maji maishani mwake.

(Naomba hili lisifike kwa watu wa kampuni. Jumatatu mzigo ulipofika nilifunga mlango wa duka, nikachukua Nyuki moja, nikaimwagia maji nusu kikombe, kidogo kuliko alivyomwaga padre. Haikusema kitu. Hadi leo haijasema kitu. Naitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.)

Kwa Othieno nilienda Jumatano, kuomba msamaha. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Akanisikiliza, akanimiminia chai, akauliza, "Na binamu ya Masaba, amefurahi?" Halafu akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, na tangu siku hiyo mteja wangu akiuliza habari za Mwewe namwelekeza ng'ambo, namwambia muulize mrefu mpole. Sitika zote niliziondoa, hata ya mlangoni. Nimeapa kwamba nikikosa kitu nitasema nimekosa, hata aliyekuja kununua awe askofu.

Lakini kwa senge ni jambo jingine. Hakunigombeza, hakuwaambia ndugu, simu zangu anapokea, ananiulizia watoto. Kwa miezi mingi nimekuwa nikienda Sop Sop Jumamosi mbili kila mwezi kuwafundisha watoto kwenye ile ile Mwewe, ikilia wanaitikia, na mimi naitikia nao, nimeshazoea. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mgeni kutoka Nabuyoga kuona darasa letu. Senge akainuka kwa shida, akanishika mkono kama zamani, nami nikasimama wima kama mtoto anayengoja kusifiwa, akaniongoza hadi kwa yule mwalimu.

"Huyu mtoto ya kaka yangu," akasema.

Nikangoja yale maneno yaliyobaki. Mwalimu naye alingoja, kwa maana sauti ya senge ilikuwa haijashuka. Kisha senge akaniachia mkono, akarudi kwenye benchi lake, akakaa.